Wino Kichwani mwa Daktari Ogata

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nilifundisha shule ya msingi Kapsabet miaka mingi kabla ya kuja Marekani, na mwalimu wa darasa lililojaa watoto hadi mlangoni akianza kushangaa kila kitu, atashinda mdomo wazi mpaka nzi waingie. Kwa hiyo nikisema kwamba Jumamosi moja ya Julai mwaka 1998, katika nyumba ndogo ya matofali huko Beltsville, Maryland, niliona jambo lililonisimamisha na sinia la chai mikononi nisijue pa kuliweka, naomba mniamini.

Mwenye nyumba alikuwa Daktari Ogata, Mjapani mwenye umri wa miaka sabini na minane, mtaalamu wa wadudu wa mpunga. Alikuwa amefanya kazi muda mrefu katika kile kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo hapo Beltsville. Akastaafu, mkewe akafariki, kisha moyo wake mwenyewe ukaanza kuchoka. Alipotafuta mtu wa kumtunza nyumbani, sharti lake lilikuwa moja tu: awe anajua Kiswahili. Ndiyo sababu kampuni iliyoniajiri ilinipeleka mimi. Miaka ya sabini Ogata aliwahi kukaa Mwea, kwetu Kenya, akichunguza wadudu katika mashamba ya mpunga, na Kiswahili alichokiokota huko hakikumtoka tena. Kilikuwa Kiswahili cha matopeni, kisicho na adabu sana. Siku ya kwanza aliniuliza, "Wewe Mkikuyu?"

"Mimi ni Mnandi," nikamjibu.

"Basi unajua kukimbia. Kimbia uniletee chai."

Nilimpenda hapo hapo, ingawa sikumwonyesha. Madaktari walikuwa wameshasema kwamba kilichobaki ni kumtunza tu. Yeye alijua, nami nilijua, na hatukuona haja ya kulirudia jambo hilo kila asubuhi.

Sasa wiki hiyo ninayoisimulia, simu ililia. Ogata akaongea Kiingereza kidogo, Kijapani kidogo, akakata. Akaniambia kwamba Profesa Kamande amefika Washington kwa mkutano na Jumamosi atakuja kumwona.

"Kamande ni nani?" nikauliza.

"Adui yangu," akasema, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyetajiwa mjukuu.

Ilibidi anieleze. Kamande alikuwa msaidizi wake kule Mwea, kijana wa Kirinyaga asiyenyamaza. Ogata aliamini kwamba mpunga unapaswa kupigwa dawa mapema, wadudu wasipate nafasi ya kuzaana. Kamande akaja na fikra yake kwamba dawa inaanza kwa kuua buibui, na buibui ndio wanaokula hao wadudu, kwa hiyo unajitia hasara mwenyewe. Siku moja akakataa kabisa kupiga dawa katika vipande alivyokabidhiwa. Wakubwa wa mradi wakataka kumfukuza. Ogata, ambaye hakuwa na shaka hata chembe kwamba kijana amekosea, ndiye aliyesimama kumtetea, tena akamhangaikia mpaka akapata nafasi ya kwenda kusoma Japani. Kamande akasoma, akarudi, akawa profesa, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumrarua mwalimu wake katika jarida la sayansi. Ogata akajibu. Wakaendelea hivyo kwa miaka ishirini, kila mmoja akilisubiri kwa hamu pigo la mwenzake.

"Sasa anakuja," Ogata akasema, na ule mng'ao ukapungua. "Na mimi najua atakuja namna gani. Ninyi Wakenya mnakwenda kuona mgonjwa namna gani?"

Alijua vizuri, lakini nilimweleza. Hatuendi mmoja mmoja. Tunakwenda kundi, na chapati, na maziwa, na matunda. Tunaimba, tunaomba, tunamwambia mgonjwa atapona, na lolote atakalosema tunaitikia. Mgonjwa habishiwi. Akisema jua linatoka magharibi, unamwambia ni kweli mzee, na leo limechelewa kidogo.

"Hiyo ndiyo naogopa," akasema. "Kamande ataniambia nilikuwa sawa. Ataniambia hivyo kwa sababu nakufa. Miaka ishirini, Jerotich! Halafu anipe ushindi kama pipi ya mtoto?" Akaupiga mkono wa kiti. "Sitaki. Nataka apigane na mimi kweli. Akinishinda, anishinde. Lakini asinihurumie." Akavuta pumzi, maana sentensi hizo zilikuwa zimemchosha. "Jumamosi asubuhi utanipaka nywele ziwe nyeusi."

Nikaangua kicheko. Kwetu wanaume wa umri huo wanaopaka piko ni wale wanaotafuta kura au wanaotafuta msichana, na nikamwambia hivyo bila kuzunguka. "Wewe unatafuta kipi, Daktari?"

Hakucheka. Alinyoosha kidole kwenye kiti kilichokuwa mbele yake, nami nikakaa.

"Kulikuwa na mtu anaitwa Sanemori," akasema.

Nitawapa hadithi hiyo kwa maneno yangu, kwa sababu yeye aliisimulia akipumzika mara kwa mara. Saito Sanemori aliishi Japani zaidi ya miaka mia nane iliyopita. Alikuwa samurai, mpiganaji wa farasi na upinde, wakati koo mbili kubwa, Minamoto na Taira, zilipokuwa zikigombania nchi. Mwanzoni alikuwa upande wa Minamoto. Siku hizo hata ndani ya ukoo huo watu walichinjana wao kwa wao, na mtoto mdogo wa mmoja wa waliouawa alitakiwa auawe naye, asije akakua akalipiza kisasi. Mtoto huyo akafikishwa mikononi mwa Sanemori. Sanemori akamwangalia, roho ikakataa. Akamtorosha mpaka milima ya Kiso, akalelewa huko mbali na wabaya wake. Miaka ikapita, mambo yakageuka, Sanemori akawa mtu wa Taira. Na yule mtoto akakua, akawa jemadari Yoshinaka wa Kiso, akashuka milimani na jeshi kuja kupigana na Taira.

"Umeona?" Ogata akauliza. "Mtoto aliyemwokoa ndiye anakuja."

"Nimeona. Endelea."

Sanemori alikuwa amepita miaka sabini. Vita vilikuwa vinaelekea nchi aliyozaliwa, kwa hiyo akamwendea mkuu wake akaomba ruhusa avae vazi la hariri nyekundu, la heshima kuliko cheo chake, kwa sababu mtu akirudi kwao arudi amependeza. Akapewa. Kisha akachukua wino, ule wanaoandikia kwa brashi, akazipaka nywele na ndevu zake nyeupe zikawa nyeusi tititi. Aliwahi kuwaambia rafiki zake kwamba mzee anayekwenda vitani ana mashaka mawili. Akigombania nafasi ya mbele na vijana, wanamwona hana busara. Na vijana wakiziona mvi zake, wanamdharau.

Wakapigana mahali panapoitwa Shinohara. Taira wakazidiwa, wakakimbia wote. Sanemori peke yake akageuza farasi. Mpiganaji mmoja wa Kiso, jina lake Tezuka, akashangaa kumwona mtu aliyevaa kama jemadari bila askari hata mmoja nyuma yake. Akamwambia ajitaje, maana ndiyo iliyokuwa desturi yao, wanatajiana majina kwanza ndipo wauane. Sanemori akakataa.

"Kwa nini?" nikauliza. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilikaa kwa heshima tu.

"Akisema jina, watu watapiga kelele: Sanemori! Yoshinaka atasikia. Atasema, mwacheni mzee huyo, aliniokoa." Ogata alitikisa kichwa. "Sanemori hakutaka kuachwa."

Akapigana mpaka nguvu zikamwishia, akauawa, na kichwa chake kikapelekwa kwa Yoshinaka. Yoshinaka akakitazama sana. Akasema huyu ni kama Sanemori, lakini Sanemori sasa angekuwa na mvi. Akaitwa mtu aliyemjua Sanemori tangu zamani. Yule mtu akakiangalia mara moja tu, machozi yakamtoka, akasema ni yeye, na akasimulia yale maneno kuhusu mzee na vita. Wakakichukua kichwa wakakiosha bwawani. Wino ukaondoka na maji, nywele zikabaki nyeupe zote. Na Yoshinaka, jemadari aliyeshinda, akalia mbele ya watu wake.

Ogata aliponyamaza, nilisikia mashine ya jirani ya kukatia nyasi ikinguruma, na nilishangaa kwamba bado tuko Maryland. Mwili wote ulikuwa umenisisimka. Mtu miaka mia nane ameoza ardhini, wala sikuwahi kulisikia jina lake kabla ya hapo, na mimi nimekaa namlilia kwenye kiti cha plastiki.

"Na watu wa mashambani wanasema farasi wake alijikwaa kwenye visiki vya mpunga," Ogata akaendelea, sasa akitabasamu. "Ndiyo sababu akashindwa. Akaukasirikia mpunga, akageuka kuwa wadudu wanaoula. Kijiji chetu si mbali na Shinohara. Tukiwa watoto tulitengeneza Sanemori wa majani makavu, tukamzungusha mashambani na mienge na ngoma, tukimwambia kwa heshima aende zake na wadudu wake. Nikamwuliza mama yangu, mtu mzuri hivi anakuwaje mdudu? Mama akasema nyamaza, piga ngoma. Basi nikaenda kusomea wadudu."

Hapo ndipo nilipoelewa ninayemwogesha kila asubuhi ni nani. Nilikuwa nimedhani ni mzee mwenye mzaha, kumbe maisha yake mazima, Mwea na Beltsville na ugomvi wote wa miaka ishirini, yalianzia kwenye mienge ile. Niliinuka nikasema nitakwenda kununua rangi nzuri ya nywele kwenye maduka ya barabara ya Route 1.

"Sanemori hakwenda dukani," akasema. Akanielekeza kwenye kabati lililokuwa na kipande cha wino mkavu na jiwe la kukisagia.

Jumamosi nilifika mapema. Nilimwogesha, nikamnyoa, kisha nikasaga wino kwa maji taratibu kama alivyonionyesha, nikampaka kwa brashi unywele kwa unywele, huku nimemfunga taulo shingoni. Nilificha kiti cha magurudumu bafuni. Vichupa vya dawa nikavitia kwenye kabati la vyombo, na mlango wa chumba chenye kitanda cha hospitali nikaufunga. Akavaa shati jeupe na tai nyekundu, akakaa kwenye kiti cha kawaida karibu na dirisha. Nilirudi nyuma kumwangalia. Mabega yalikuwa yamenyooka, macho makali chini ya nywele zile nyeusi. Sikumwona mgonjwa wangu popote.

"Niwashe kiyoyozi," nikasema. "Joto hili litauyeyusha huo wino."

"Baridi yake inanikaba kifua. Na kelele zake zinaniziba masikio. Leo nataka kusikia kila neno." Akanitazama. "Kazi yako ni mlango, Jerotich. Maombi yasiingie hapa."

Rahisi kusema! Mimi nimelelewa kanisani, na mama yangu alikuwa mwimbaji wa kwaya mpaka sauti ikamwishia. Sijawahi kumfungia mtu mlango akiwa ameshika Biblia. Lakini nilimwambia, "Sawa."

Saa tano hivi gari kubwa likaegeshwa mbele ya nyumba, na moyo wangu ukashuka mpaka kwenye viatu. Aliyekuwa akiendesha ni Dada Edah, kiongozi wa ushirika wetu wa maombi wa Wakenya wa Laurel, mji wa jirani. Kumbe Profesa Kamande alifikia kwake. Wakashuka kina mama na kina baba, mmoja na gitaa, mwingine na chupa ya chai, na Edah mwenyewe amekumbatia bakuli la chapati kifuani. Nyuma yao alikuja mtu mrefu wa miaka hamsini na kitu, miwani, suti ya kijivu, papai mkononi.

"Haiya, Jerotich! Kumbe ni wewe una-take care ya huyu mzee?" Edah akasema. "Praise God. Tume-miss exit ya Beltway tukazunguka mpaka tukachoka. Mgonjwa ako wapi?"

Nilisimama katikati ya mlango. "Hapa hakuna mgonjwa."

"Ati?"

"Kuna Daktari Ogata. Ana miadi na Profesa Kamande. Ni miadi ya watu wawili."

Edah akanitazama kama aliyenikuta nikila sadaka. "Jerotich, sisi tume-fast tangu asubuhi juu ya huyu mzee. Tumekuja na chapati. Sasa wewe una-refuse maombi?"

"Mwombeeni mkiwa kwa gari, dada. Mungu anasikia mpaka parking."

Yule wa gitaa akacheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Nilijua kufikia Jumapili Laurel yote itakuwa na habari kwamba Jerotich wa Kapsabet ameacha wokovu. Lakini sikusogea. Profesa ndiye aliyetuokoa. Alimwomba Edah wasubiri kidogo, kisha akaniambia kwa upole, "Nitamsalimu tu, dada. Sitamchosha."

Sikulipenda neno hilo la mwisho, lakini nikampisha.

Kamande alipoingia aliinama chini kabisa, Kijapani, kisha akaushika mkono wa Ogata kwa mikono yake miwili, Kikenya. "Mwalimu! Hata hujabadilika!" akasema, kwa ile sauti laini tunayoitumia wodini. Akakaa, papai mapajani.

Ogata hakupoteza muda. "Makala yako ya mwaka jana," akasema. "Vipande vyako vya majaribio vilikuwa kando ya mfereji. Buibui wako waliletwa na maji. Hukuthibitisha kitu."

"Huenda ni kweli, Mwalimu," Kamande akajibu.

"Na msimu wa pili ulipanda kwa kuchelewa."

"Hapo pia una haki."

Ogata akajikaza, akasogea mbele kitini. "Na hesabu yako ya wadudu! Ulihesabu asubuhi tu. Mchana je?"

Kamande alitabasamu kwa huruma nyingi mno. "Mwalimu, nimefikiri sana kabla ya kuja," akasema. "Naona tangu mwanzo wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Nilitaka ulisikie kutoka kinywani mwangu."

Nimekuwepo madaktari wakiwapa watu habari mbaya, na sijaona uso ukianguka hivyo. Mabega ya Ogata yalishuka. Shati likawa kubwa ghafla. Akasema, "Asante," kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akageukia dirisha. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la chai, na namwomba Mungu anisamehe, nilitamani kulimwaga lote kwenye suti ile ya kijivu. Maprofesa wazima! Mtoto wa darasa la tatu anajua alama ya huruma anapoiona, na haitaki.

Joto lilikuwa limejaa sebuleni. Jasho likaanza kumtoka Ogata kwenye paji la uso, na kabla sijapata kitambaa, mstari mweusi ukateremka kutoka kwenye nywele, ukapita shavuni, ukadondoka kwenye kola nyeupe. Yeye hakujua. Kamande ndiye aliyeuona.

Aliufuata ule mstari kwa macho mpaka ulikotoka, pale ambapo mvi zilianza kuonekana. Akaitazama tai nyekundu. Akautazama tena wino. Midomo yake ikacheza bila sauti, na nililisoma jina. Baadaye aliniambia kwamba kule Mwea, kila baada ya mavuno, Ogata aliwakalisha wasaidizi wake kwenye ukingo wa mfereji akawasimulia habari za Sanemori, na wao walimcheka, wakisema Mjapani ameanza tena.

Ogata akahisi unyevu, akajigusa shavu. Akaviona vidole vyake vimekuwa vyeusi. Nilidhani ataficha mkono, au ataniita nimfute, na yote yatakuwa yamekwisha. Hakufanya hivyo. Aliuweka ule mkono gotini, akainua kidevu, akamtazama Kamande usoni akingoja.

Kamande akaliweka papai sakafuni. Akavua koti, akalitundika nyuma ya kiti, kisha akakiburuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Daktari Ogata," akasema, na ile sauti ya wodini haikuwepo tena, "nimekudanganya sasa hivi. Hukuwa sahihi. Hukuwa sahihi hata msimu mmoja. Hesabu zako za Mwea ni takataka, na nitakuonyesha moja moja. Ukichoka, shauri yako."

"Nani atachoka?" Ogata akafoka. "Wewe ndiye mnene!"

Basi wakaanza, na mimi sijui niieleze vipi. Walisema Kiingereza, wakaruka kwenye Kijapani, wakitaka kutukanana wanarudi kwenye Kiswahili. Kamande alininyang'anya bakuli la sukari akapanga vidonge vyake mezani viwe vipande vya shamba. Ogata akavunja biskuti kuwa buibui. Kamande hakumwachia hata nafasi ya kupumua. Akisema neno, anasukuma kidonge. Ogata akijibu kwa udhaifu, anamwambia huo ni upuuzi, rudia. Na yule mzee akarudia, tena vizuri zaidi. Kuhusu ule mfereji alimbana Kamande hasa, mpaka profesa akafungua tai na kusema, "Hapo umenipata," na safari hii haikuwa zawadi, nilimwona akihangaika. Wino ulimtiririka Ogata kutoka pande zote. Kola ikawa nyeusi, mifereji ya wino ikamchora mashavuni, na hakuna kati yao aliyeinua mkono kuufuta.

Kazi yangu ilinitaka nimlaze. Pumzi yake ilikuwa fupi na saa ya dawa ilikuwa imefika. Nilisogea hatua moja, akanitupia jicho moja, nikarudi nilipokuwa. Niliogopa, lakini si kwa sababu ya moyo wake. Ilikuwa ile hofu inayokushika kanisani wimbo ukishakolea, ukajua mtu mwingine ameingia na hukumsikia akibisha hodi. Nilijua ninatazama watu wawili wakipeana heshima kubwa kuliko yote niliyowahi kuiona, na walikuwa wakipeana kwa kupigana.

Mwishoni Kamande alichukua kidonge kimoja cha sukari akakiweka mbali na vingine, juu kabisa ya meza.

"Thiba, kule Mwea," akasema. "Vipande vya juu vya kutegemea mvua, ambako maji ya mfereji hayafiki. Havikuwa vyangu, Daktari. Vilikuwa vyako mwenyewe. Mwaka ule dawa ilikwama bandarini Mombasa, ukaviacha bila kupiga. Ulivihesabu wewe, kwa mkono wako. Viliharibika?"

Ogata akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, na nilimwona anatembea huko, suruali imekunjwa, maji yakimfika karibu na magoti, akihesabu. Kamande hakumharakisha na hakumsaidia.

"Havikuharibika," Ogata akasema. Akafumbua macho. "Kulikuwa na buibui kila shina. Niliwaona nikasema ni bahati."

Akaweka mikono yote miwili magotini, akainama mbele ya Kamande mpaka nikakiona kichwa chote, wino umebaki mabaka tu na mvi zimejitokeza.

"Nimeshindwa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyefika kwao.

Kamande naye akainama. Vichwa vyao vilikuwa karibu kugusana juu ya ile sukari. Kisha Ogata akainuka, akavuta pumzi, akaniona.

"Jerotich! Mbona umesimama na hilo sinia? Nina njaa. Wale watu wa chapati wameondoka?"

Tangu nimjue, alikuwa hajawahi kuomba chakula. Nilijibu kwamba nitakwenda kuwaangalia. Kamande alinitangulia kutoka. Wenzetu walikuwa bado kwenye gari, milango wazi, gitaa likilia polepole. Profesa alishuka ngazi moja, ya pili ikamshinda. Akaketi pale pale nje na mikono ya shati imekunjwa, akavua miwani, akalia kwa sauti, kilio ambacho wanaume wa hadhi yake kwetu hawakitoi mbele ya watu.

Edah akaziacha chapati kwenye kiti akaja mbio, mkono kifuani.

"Woi, Prof! Ameenda? Mzee ame-die?"

Kamande akatikisa kichwa.

"Hapana, dada," akasema. "Nimemshinda."